Sibawayhi: Kosa la Irabu Lililomfungulia Njia

Waambie watu wa nyumbani kwamba wataka kusomea lugha chuo kikuu, uone. Swali la kwanza ni, "Sasa utakula nini?" Basi kabla hujabadilisha nia, hebu msikilize Sibawayhi.

Jina lake hasa ni Amr bin Uthman. Hakuwa Mwarabu, alikuwa Mfursi kutoka al-Bayda, karibu na Shiraz, katika Iran ya leo. Katika karne ya 8 alikwenda Basra, Iraq, si kwa ajili ya lugha bali kusoma Hadithi na fiqhi. Wanahistoria wanasimulia kwamba siku moja, mbele ya Sheikh Hammad bin Salama, alisoma Hadithi inayomtaja sahaba Abu Dardaa. Baada ya neno "laysa" akasema "Abu", na ilitakiwa aseme "Aba", kwa sababu "laysa" hapo ina maana ya "isipokuwa". Sheikh akamkosoa pale pale.

Angeweza kukasirika arudi kwao. Yeye akaazimia kusoma elimu ambayo hatakosolewa tena kwa irabu. Akamwendea al-Khalil bin Ahmad, mwenye asili ya Oman, muasisi wa elimu ya arudhi. Akawa haachi kuuliza: kwa nini Waarabu wanasema hivi na si vile? Majibu akayaandika, na ndani ya kitabu chake al-Khalil ametajwa mamia ya mara.

Lakini usidhani mambo yalimnyookea. Huko Baghdad alijadiliana na al-Kisai, bingwa wa Kufa, juu ya sentensi moja tu inayotaja nge na nyigu. Mabedui walioitwa kuamua wakampa ushindi al-Kisai. Sibawayhi akarudi Uajemi na kufariki angali kijana, yapata mwaka 796. Kitabu hata jina hakukipa. Mwanafunzi wake al-Akhfash ndiye aliyekisomesha, na watu wakakiita al-Kitab, yaani Kitabu, basi.

Leo ukikaa madrasa na Ajurumiyya yako, ukasoma rafu na nasbu, unapita njia aliyoilima yeye.

Kwa hivyo Ramadhani hii ustadhi akikukosoa irabu, usione haya ukakimbia. Muulize sababu. Na swali hilo likikunyima usingizi, ndugu yangu, huenda hiyo ndiyo fani yako.

Wabillahi tawfiq.