Wanafunzi wa Hangar walichora nini, na nini hawakuchora?



Kila tunapogusa habari ya sanaa ya Katanga, lazima mtu mmoja aseme: "Shi kulikuwa Hangar!" Jina tunalijua wote, lakini historia yake wengi tunaisikia nusu nusu. Wengine wanafikiri Hangar ni namna fulani tu ya kuchora ndege, samaki na nyoka kwa kuuzia wageni. Mimi nilisoma historia, sikusoma uchoraji, basi sitamfundisha mtu mambo ya rangi. Nataka tutazame swali moja: wale wanafunzi, mawazo yao ya kuchora yalitokaka wapi? Na nani aliamua yatoke pale?

Tuanze na mji wenyewe. Élisabethville, Lubumbashi yetu ya leo, ulianzishwa mwaka 1910 sababu ya shaba. Mwaka 1911 kiwanda cha Union Minière kilianza kuyeyusha shaba, na tangu hapo shemine yake na ule mlima wa takataka za shaba tunaouita terili vikawa alama ya mji. Wazee wetu walikuwa wanasema Union Minière njo baba, njo mama, kwani posho, nyumba, matibabu na masomo ya watoto, vyote vilitoka mkononi mwake. Lakini baba huyo alikuwa mkali. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi waligoma wakiomba mshahara upande. Tarehe 9 walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira, na askari wakawapiga risasi. Watu wengi walikufa pale.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1946, katika mji uleule, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani ofisa wa jeshi la majini, alifungua atelie ya uchoraji kwa vijana Wakongomani. Ndiyo hiyo watu walizoea kuiita Hangar. Ukiweka tarehe hizo mbili pembeni kwa pembeni, 1941 na 1946, utaelewa kwa nini swali langu si la mchezo.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya pekee kwa wakati ule. Katika shule nyingi za kikoloni mwanafunzi alipewa kitu cha Ulaya akakiiga, na mwenye kuiga vizuri njo alipata pointi. Romain-Desfossés alikataa kabisa. Hakutaka wanafunzi waige Wazungu, wala yeye mwenyewe. Aliwapa karatasi na rangi, akawaambia watafute ndani mwao na katika mambo yanayowazunguka. Aliamini kwamba kila mmoja wao alikuwa na urithi wa uzuri kutoka kwa mababu, na kwamba kazi ya mwalimu ni kutouharibu. Kwa mwaka 1946, Mzungu kusema hivyo juu ya kijana mweusi, halikuwa jambo dogo. Tumpe haki yake.

Sasa tutazame wanafunzi wenyewe. Nitataja watatu tu.

Wa kwanza ni Bela. Huyu hakuwa hata Mkongomani: alikuwa Msara wa Tchad, na alifanya kazi ya boyi nyumbani kwa Romain-Desfossés. Alimwona bwana wake anachora, naye akaanza. Alipaka rangi kwa vidole, alama moja moja, mpaka majani, wanyama na watu wanajaa karatasi yote. Ukiitazama picha yake, ni kama unaona ncha ya kidole inagusa, inatoka, inagusa tena. Mkono uleule uliokuwa ukifua na kupanga meza njo ulijaza karatasi ile.

Wa pili ni Pilipili Mulongoy, mtoto wa mvuvi. Katika picha zake maji yanaishi, samaki wana magamba yaliyohesabiwa moja moja, na nyuma yao kumejaa vitone na vialama vidogo kama maji yanayotetemeka kwenye jua. Mtu aliyekulia karibu na nyavu hawezi kuchora samaki sawasawa na mtu aliyemwona sokoni tu, amekauka.

Wa tatu ni Mwenze Kibwanga. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo. Mwenze alijenga picha kwa mistari mifupi mifupi, imelala pembeni kwa pembeni, rangi za udongo na za moto, mpaka mwindaji na swala wanaonekana kama wamefumwa. Wengi walioandika juu yake wameona palepale kazi ya baba: uzi juu ya uzi.

Hapa kuna somo ambalo mimi naliona kubwa. Tukiulizaka msanii wapi alipata wazo, tunafikiri juu ya kitu kilichochorwa: samaki, mwindaji, nyoka. Lakini kwa hawa watatu chanzo kiko katika mkono kuliko katika kitu. Kidole cha boyi, jicho la mtoto wa mvuvi, mstari wa mtoto wa mfumaji. Kazi ya nyumbani, ile ambayo shule ya kikoloni haikuihesabu kuwa elimu, njo iliwapa kila mmoja sauti yake. Ndiyo maana huwezi kumchanganya Pilipili na Mwenze hata ukifunika saini.

Lakini tusiishie kwenye sifa. Tutafute sasa kile kisichoonekana.

Vijana hawa waliishi Élisabethville. Kila siku waliona shemine. Walisikia king'ora cha kiwanda, waliwajua watu wa mgodi, na wakaaji wa mji hawakuwa wamesahau kiwanja cha mpira cha 1941. Je, hayo yako wapi katika picha zilizofanya Hangar ijulikane? Utaona mto, msitu, wanyama, wawindaji, kijiji. Utatafuta shemine mpaka uchoke. Mji uliowalisha haumo.

Kwa nini? Jibu moja ni kwamba ndivyo walivyopenda wenyewe, na hatuna ruhusa ya kumlazimisha marehemu achore huzuni yetu. Ni kweli. Jibu lingine ni kwamba amri ya "usiige Ulaya, tafuta Afrika ndani yako" ilikuwa na ukuta wake. Ilifungua mlango wa kijiji na ikafunga mlango wa sité. Afrika iliyotakiwa ilikuwa ile ya kabla ya mgodi, na waliokuwa na pesa za kununua picha hizo walikuwa hasa Wazungu, pale mjini na kule Ulaya. Picha ya swala ilikaa vizuri ukutani kwao. Picha ya mgomo, nani angeinunua?

Mimi nafikiri majibu yote mawili yana ukweli, na hayapigani. Tazama pia kinachotendeka ndani ya picha za Pilipili: nyoka anavamia kiota cha ndege, mamba anameza samaki. Mwenye nguvu anakula mdogo. Sisemi alimaanisha kampuni na mfanyakazi. Nasema tu kwamba msitu wake haukuwa paradiso. Mtu mzima wa Élisabethville aliweza kusimama mbele ya picha ile na kuelewa mambo ambayo mnunuzi hakuyaelewa.

Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954. Kabla ya hapo, mwaka 1951, Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa amefungua Akademi ya sanaa katika mji huo. Wanafunzi wa Hangar waliingia huko, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu. Yaani mtoto wa mvuvi na mtoto wa mfumaji walikuja kusimama mbele ya darasa. Hilo nalo ni historia yetu ya elimu, ingawa katika sherehe zetu tunataja wenye diploma tu.

Na shemine, nani aliichora? Tulingoje kidogo. Katika miaka ya 1970 wachoraji ambao hawakupita Akademi, waliofanya kazi katika sité, walichora kwa ajili ya watu wa sité. Katika nyumba za wafanyakazi na waalimu ulikuta mamba muntu ukutani, au ile picha ya Colonie belge: mfungwa amelala, anapigwa fimbo, Mzungu anatazama. Mmoja wao, Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia ya nchi nzima katika picha kama mia moja, kati ya 1973 na 1974. Mauaji ya wafanyakazi ya 1941 yamo. Kile ambacho hakikuingia Hangar miaka mitano tu baada ya kutokea, yeye ambaye hakuwa amezaliwa bado alikichora, sababu alikisikia kwa wakubwa.

Tofauti haikuwa akili wala kipaji. Tofauti ilikuwa: nani ananunua, na nani anauliza. Picha za Tshibumba zimebaki na maelezo yake kwa sababu mwanaantropolojia Johannes Fabian alikaa naye, akamsikiliza akieleza picha moja moja kwa Kiswahili chetu cha Shaba, akarekodi, na akatoa kitabu mwaka 1996. Kwa Hangar, sisi tunasoma zaidi maneno ya mwalimu juu ya wanafunzi kuliko maneno ya wanafunzi wenyewe. Picha tunazo, sauti imepungua. Hapo njo naumia kama mtu wa historia.

Na jambo hili halijaisha. Leo bado kijana anayesoma sanaa hapa anaambiwa na wanunuzi: "Chora kitu cha kiafrika." Ni amri ileile ya 1946, imebadilisha nguo tu. Kama ungekuwa Mwafrika mbele ya shemine, shemine si ya kiafrika? Sammy Baloji, aliyesoma hapa kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alijibu swali hilo kwa njia yake: alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa mgodi, akawasimamisha katikati ya mabaki ya viwanda vya leo. Mgodi ukawa chanzo cha sanaa, bila kuomba ruhusa.

Sisi wenye kusoma, tufanye nini? Sipendekezi mkutano wala komite. Tuko na komite za kutosha. Napendekeza kitu kidogo. Kama uko na mchoro nyumbani, wa mtoto wako, wa mwanafunzi wako, au ule ulioununua pale barabarani, ugeuze. Nyuma yake andika jina la aliyechora, mwaka, mahali, na maneno yake mawili matatu juu ya kile kilichomfanya achore. Muulize kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwao, na andika alivyosema, usimsahihishe. Kama alichora nyoka, andika nyoka. Kama alichora shemine, andika shemine.

Itakuchukua dakika kumi. Kwa Bela, dakika hizo kumi zimeshapita.