"Fizikia ya Mpemba": Swali la Mwanafunzi na Mafunzo ya Sayansi Shuleni

Mwaka 1963 Tanganyika ilikuwa haijatimiza miaka miwili kamili ya uhuru ulipoanza. Bendera ilikuwa mpya, lakini madarasa yalikuwa yale yale. Mtihani wa sekondari ulikuwa wa Cambridge, vitabu vya fizikia viliandikwa kwa ajili ya watoto wa Ulaya, na sifa kubwa ya mwanafunzi ilikuwa kukariri. Ni katika mazingira hayo ndipo hatuna budi kulitazama jambo lililotokea katika shule ya sekondari ya Magamba, ambalo wengi wetu tunalitaja kwa fahari bila kujifunza lolote kutokana nalo.

Wavulana wa Magamba walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakachanganya sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia katika friza. Nafasi ilikuwa finyu. Siku moja Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alimwona mwenzake akikimbilia friza na maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Akaona akingoja yake yapoe atakosa sinia la mwisho, basi akayatia yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu maziwa yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa uji tu.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye rafiki yake mmoja aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga alimweleza kuwa yeye hutumia maziwa ya moto kwa makusudi, kwa kuwa huganda upesi. Ndugu wasomaji, tusimame hapa kidogo. Ujuzi ambao darasa liliukana ulikuwa mikononi mwa wachuuzi wa aiskrimu. Mtu anayeishi kwa jasho lake hana nafasi ya kubishana na kitu anachokiona kila siku, hukitumia.

Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, darasa lilifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Akauliza tena. Safari hii mwalimu alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu, wenzake waliziita hesabu za Mpemba. Hatuwataji walimu hao, wala hatudhani walikuwa watu wabaya. Walikuwa wamefundishwa hivyo hivyo, na kitabu kilikuwa upande wao. Kasumba ina nguvu kwa sababu hiyo: humfanya mtu mwema awe askari wa kulinda fikra ambazo hajazipima.

Kijana hakukata tamaa. Alipoona maabara iko wazi alichukua bika mbili, moja ya maji ya moto na nyingine ya maji ya bomba, akazitia katika friji na kutazama. Halafu Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule na kuruhusu maswali, Mpemba aliuliza lile lile. Wanafunzi wakacheka. Osborne naye hakuamini, lakini aliahidi kujaribu. Fundi wake wa maabara alijaribu, akaja na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, na akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Tunacheka, ila ni nani kati yetu hakuwahi kurekebisha tarakimu za jaribio ili zilingane na kitabu? Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka.

Miaka miwili kabla, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea. Wengi waliisoma kama amri ya kuanzisha mashamba ya shule. Jembe lilionekana, lilihesabika, liliandikiwa taarifa. Lakini waraka ule ulidai pia akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kurekebisha kisichofaa, na mtu kujiamini. Sehemu hiyo haikupimwa ekari. Hata sisi wakufunzi wa siasa hatuko safi. Tumewahi kuulizwa na mwanafunzi kwa nini kijiji kilichofuata maelekezo yote kilivuna kidogo kuliko jirani yake, nasi tukamjibu arudi akasome kijitabu. Hakuuliza tena muhula ule.

Tusije pia tukaigeuza fizikia ya Mpemba kuwa msahafu mpya. Wapo waliosema sababu ni mvuke unaopunguza maji, wengine mzunguko wa maji ndani ya chombo, wengine hewa iliyoyeyuka ndani yake. Hakuna maelezo yaliyokubaliwa na wote. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima upya, wakasema hawakupata ushahidi wa kuridhisha, na kwamba hata kimo cha kipimajoto ndani ya chombo hubadili matokeo. Mjadala huo haujafungwa, na vifaa vyake ni vyombo viwili, kipimajoto na friza, vitu ambavyo shule nyingi zaweza kuviazima kwa muuza soda wa jirani.