Kipimo Kilichosafiri na Cherehani

Miongoni mwa zana za fundi anayetengeneza vyerehani kuna kipande cha bapa cha chuma chenye unene wa milimita 2, au zaidi kidogo, na pengo upande mmoja. Mwenza wake ni kibanio kidogo cha skrubu. Fundi hushusha sindano mpaka mwisho wa safari yake, akapachika bapa hilo kwenye fimbo ya sindano, chini kabisa ya bushi inayoishikilia fimbo hiyo. Kisha husukuma kibanio juu mpaka kibane bapa, akakikaza. Akishalitoa bapa, huzungusha gurudumu la mkono polepole hadi kibanio kigonge bushi. Hapo sindano imepanda kwa kiasi cha unene wa kile chuma, wala si zaidi, na hapo ndipo ncha ya kulabu inayozunguka chini ya sahani inapotakiwa kuwa katikati ya sindano. Isipokuwepo, fundi hulegeza skrubu za kulabu, akaisogeza, akazikaza tena. Vitabu vya ufundi vya Pfaff ya Ujerumani vimeeleza utaratibu huu kwa miongo mingi. Ukisikia mafundi wetu wakisema cherehani “kimepoteza taimingi”, dawa wanayoizungumzia ndiyo hii.

Kifaa duni namna hii hakitajwi katika historia za cherehani. Historia hizo hupenda wavumbuzi na kesi zao mahakamani: nani aliweka tundu kwenye ncha ya sindano, nani alimwibia nani. Hoja ya makala hii ni kwamba uvumbuzi peke yake ungeiacha mashine hii karibu na kiwanda kilichoizaa. Kilichoiwezesha kukaa Mombasa, Kigoma au Bukavu kwa miaka hamsini ikiwa bado inashona ni kwamba viwanda vilijifunza, taratibu na kwa shingo upande, kuufunga ujuzi wa mrekebishaji ndani ya chuma chenyewe. Kwanza ukawekwa kama mstari uliochongwa, kisha kama kipimo cha kushika mkononi.

Ili hoja isimame, lazima ieleweke kwa nini milimita mbili zina uzito. Mshono wa kawaida wa cherehani hufungwa kwa nyuzi mbili. Sindano hubeba uzi wa juu mpaka chini ya kitambaa, na inapoanza kupanda, uzi huo, ukizuiwa na msuguano wa kitambaa, hubaki nyuma na kujitokeza kama kitanzi kidogo ubavuni mwa sindano. Ncha ya kulabu hupita ndani ya kitanzi hicho, ikakipanua na kukizungusha kwenye bobini, na hivyo uzi wa juu na wa chini hukumbatiana. Kulabu ikiwahi, kitanzi hakijafunguka. Ikichelewa, kitanzi kimeshalala au kujisokota, na tundu la sindano limekwisha kuipita ncha. Ndiyo maana vitabu vingi hutaka ncha ipite juu kidogo ya tundu, kama milimita 1.6, yaani sehemu moja ya kumi na sita ya inchi. Nafasi kati ya ncha na sindano ni finyu zaidi: kwa mashine za kiwandani za Juki, aina ya DDL-8700, mtengenezaji anataka kati ya milimita 0.04 na 0.1. Kulabu ya mashine kama hiyo huzunguka mara mbili kwa kila mshono, na mishono inaweza kufika 5,000 kwa dakika. Hesabu inampa kila msomaji picha ya kosa la nusu milimita linavyorudiwa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Elias Howe alipata hataza yake Marekani mwezi Septemba 1846 kwa mashine iliyotumia dau, kipande kirefu chenye ncha kinachobeba uzi wa chini na kupita katika kitanzi kwenda na kurudi. Tarehe 12 Agosti 1851 hataza mbili zilitolewa siku moja. Moja ilikuwa ya Isaac Singer, aliyebaki na dau. Ya pili ilikuwa ya Allen Wilson, aliyeliondoa dau na kuweka kulabu inayozunguka. Tofauti yao ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika mashine maarufu za dau za Singer, kamu yenye umbo la moyo iliifanya sindano itulie kidogo baada ya kutupa kitanzi, dau likapata muda wa kupita. Mashine ya namna hiyo ilisamehe. Kulabu ya Wilson haikuwa na muda wa kusubiri, na kwa sababu hiyo ilidai vipande vilivyotengenezwa kwa usahihi uleule, kimoja baada ya kingine.

Si ajabu, basi, kwamba waliotangulia kutengeneza vyerehani kwa vipimo vya kiwanda walikuwa wale wenye kulabu. Kampuni ya Wheeler & Wilson, iliyohamia Bridgeport, Connecticut, mwaka 1856, iliajiri watu waliofunzwa katika viwanda vya bunduki, ambako vipande vilikwisha kuzoeleka kulinganishwa na vipimo vya chuma badala ya macho. Mashine ya Willcox & Gibbs, ambayo nayo ilikuwa na kulabu inayozunguka ingawa ilishona kwa uzi mmoja, ilianza kutengenezwa mwaka 1858 na Brown & Sharpe wa Providence, karakana ambayo jina lake lilikuja kuwa sawa na vipimo vya usahihi dunia nzima. Singer wakati huo alikuwa na jeshi la watu wenye tupa. Vipande viliundwa vikiwa laini, vikanolewa mpaka vikubaliane, vikapigwa namba ya mashine, vikatenganishwa ili vichomwe viwe vigumu, kisha vikarudishwa kwa kufuata ile namba. Kipande cha mashine moja hakikuwa na ahadi ya kuingia katika nyingine. Katika mazingira hayo kipimo cha kulabu kisingekuwa na maana, kwa kuwa kila mashine ilikuwa na kipimo chake.

Hapa mpinzani ana silaha nzuri. Atasema Singer ndiye aliyeshinda. Alimpita Wheeler & Wilson kwa mauzo kabla miaka ya 1860 haijaisha, na alishinda akiwa bado na tupa. Ushindi huo ulitokana na mkopo wa kulipa kidogo kidogo ulioanzishwa na mshirika wake Edward Clark mwaka 1856, na mawakala waliobisha hodi mlango kwa mlango. Yote hayo ni kweli, na anayeyaficha anapotosha historia. Lakini mkopo una sharti lake: mteja hulipa maadamu mashine inafanya kazi. Mawakala wale walikuwa pia warekebishaji, na mashine yenye dau ilivumilia marekebisho yao ya haraka. Mfumo huo ulifaa mauzo yalipokuwa ya maelfu. Kufikia mwaka 1880 Singer alikuwa akitoa kama nusu milioni kwa mwaka, na nyingi zilikwenda kwa watu ambao hakuna wakala angewafikia kila mwezi. Katika miaka hiyohiyo kampuni ndiyo ilipoanza kuachana na tupa na kuwekeza katika vipande vinavyobadilishana. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikamnunua mpinzani wake Wheeler & Wilson, kulabu na kila kitu. Mshindi wa dau alimalizia kwa kulabu, na kulabu ilikuja na madai yake.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoiona kuwa ya akili kuliko zote, na ilikuwa karibu bure: mistari miwili iliyochongwa kwenye fimbo ya sindano. Katika madaraja mengi ya Singer, yaani aina za mashine zake, sindano ikiwa chini kabisa, mstari wa juu unapaswa kuonekana sambamba na ukingo wa bushi, na hiyo ni dalili kwamba kimo cha sindano ni sahihi. Gurudumu likizungushwa mpaka mstari wa chini ufike palepale, kama milimita 2.4 juu zaidi kwa baadhi ya mifano, ncha ya kulabu lazima iwe katikati ya sindano. Mistari hiyo haimtaki anayeisoma ajue Kiingereza, wala awe amewahi kukiona kiwanda cha Singer. Desturi hiyo haijafa. Juki hiyo niliyoitaja ina mistari minne, jozi moja kwa kila aina kati ya mbili za sindano zinazoweza kutumika ndani yake, kwa sababu sindano ikibadilika urefu, hesabu yote hubadilika.

Wapo watakaosema kwamba kipimo ni hila ya mwenye kiwanda ya kumnyang'anya mfanyakazi ujuzi wake. Kwa upande wa kiwandani siwapingi sana. Kiwanda kikubwa cha Singer huko Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885, kiligoma mwaka 1911 baada ya wanawake waliokuwa waking'arisha makabati ya mbao kupunguzwa kutoka 15 hadi 12 huku kazi ikibaki ileile. Maelfu ya wenzao wakawafuata. Kazi inapokwisha kugawanywa na kupimwa, anayeipima ndiye anayeipangia bei. Ila hoja hiyo haitoki nje ya lango la kiwanda. Barabarani mambo yaligeuka. Kilichomwondolea mnoa vyuma wa Scotland nguvu ya kujadiliana kilimpa fundi wa Tanga au Kampala mamlaka ambayo hakuwa nayo: sasa angeweza kurudisha mashine katika hali iliyokusudiwa bila ruhusa ya mtu. Chuma kilekile, mabwana wawili.

Kuenea kwa vipimo hivyo kuliongezeka pale wengine walipoinakili mashine ya Singer. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya Japani vilikubaliana juu ya muundo mmoja uliofuata Singer ya daraja la 15, vipande vya mwenye karakana huyu vikaingia katika kichwa cha yule. China ilifuata njia hiyo, na Butterfly ya Shanghai ikawa jina la nyumbani Afrika Mashariki pamoja na Singer. Kwa fundi wa barazani, kichwa cheusi kilikuwa kichwa cheusi, bobini na kesi yake vilipatikana dukani, na alichojifunza kwa kimoja kilifaa kwa vyote. Sidhani kuna mashine nyingine iliyompa fundi wetu mtaji wa maarifa wa muda mrefu hivyo.

Na hapa ndipo pingamizi la mafundi wenyewe linapoingia, nalo ni zito kuliko la wanahistoria: mzee mwenye uzoefu hahitaji bapa la chuma; huzungusha gurudumu, akatazama, akajua. Ni kweli kwa kichwa cheusi, na sababu yake iko ndani ya muundo. Katika daraja la 15 kinachoisukuma kulabu kimefungwa kwa pini kwenye mhimili wake, hakisogezwi kwa kawaida. Kinachorekebishwa ni kimo cha sindano peke yake. Kitu kimoja cha kubadilisha, jicho linatosha. Kulabu ya kuzunguka ya mashine za kiwandani, kama zile zilizojaa katika viwanda vya nguo vya Athi River, Kenya, baada ya sheria ya Marekani ya biashara na Afrika, AGOA, ya mwaka 2000, hushikwa na skrubu zinazoiruhusu igeuke popote. Sasa vitu viwili vinabadilika kwa pamoja, na kimoja kinaweza kuficha kosa la kingine. Mashine ya zigizaga huongeza la tatu: sindano ikihamia kushoto na kulia, kulabu huifikia upande mmoja mapema na mwingine kwa kuchelewa, kwa hiyo kipimo huwa maafikiano ya pande mbili.

Ushahidi wa mwisho kwamba jicho halitoshi kila mahali unatoka kwa vyerehani vya kushonea kwilti, matandiko ya vitambaa viwili yenye pamba katikati. Katika vile vikubwa vyenye shingo ndefu, kitambaa hutulia kwenye fremu na kichwa cha mashine ndicho kinachosukumwa huku na huku. Sindano hupinda kuelekea popote mkono unapoivuta, na ikigonga rula ya kuongozea, kulabu inaweza kuteleza mahali pake. Wenye mashine hizo, wengi wao wakiwa Marekani na mbali na fundi yeyote, hulazimika kurekebisha wenyewe, na hawana miaka thelathini ya jicho. Ndio wanunuzi wa vipimo leo. Kompyuta imeingia katika mashine hizo, inahesabu urefu wa mshono na kasi ya mkono, lakini kukutana kwa kulabu na sindano bado kunaamuliwa kwa bisibisi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, cherehani chako kikianza kuruka mishono, usikimbilie skrubu za kulabu wala usikubali kuuziwa kulabu mpya siku hiyohiyo. Badilisha sindano kwanza, uhakikishe ni ya aina ile ile, kwani yenye shina la duara haikai sawa mahali pa yenye shina bapa. Kisha tazama mistari ya fimbo. Kulabu iguswe mwisho.