Uji wa Oliver: Riwaya Inapopanda Jukwaani

Riwaya husomwa na mtu peke yake, lakini tamthilia ya nyimbo haiwezi kuwapo pasipo watu kukusanyika. Kwa sababu hiyo riwaya inapotiwa nyimbo hubadilika umbo, na aghalabu hubadilika nia pia. Mfano ulio wazi ni *Oliver Twist* ya Charles Dickens, ambayo shule na vikundi vya ridhaa huko Uingereza na Marekani vimeiimba jukwaani kwa miaka mingi.

Dickens aliijua njaa kabla ya kuiandika. Mwaka 1824, alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa gerezani London kwa sababu ya deni, naye mtoto akapelekwa kiwandani kubandika karatasi kwenye vikopo vya rangi ya viatu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1834, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya maskini. Fukara aliyetaka msaada alilazimika kuingia katika nyumba ya maskini, ambamo mume alitengwa na mkewe na wazazi wakatengwa na watoto wao. Maisha ya humo yalifanywa magumu makusudi, ili watu waogope kuomba. Riwaya ilichapishwa kwa mafungu toka mwaka 1837 hadi 1839. Yatima Oliver, anaposimama na bakuli lake na kuomba aongezewe uji, anaishtaki sheria hiyo mbele ya taifa zima.

Aliyeitia riwaya hiyo nyimbo alikuwa Lionel Bart, mtoto wa fundi cherehani Myahudi wa mashariki ya London, aliyezaliwa mwaka 1930. Bart hakujua kusoma wala kuandika noti za muziki. Alibuni sauti kichwani, na wengine wakamwandikia. Chuo chake kimojawapo cha sanaa ya jukwaa kilikuwa Unity Theatre, kikundi cha ridhaa kilichoundwa mwaka 1936 na wafanyakazi wa London. Mwaka 1937 wanachama walijitolea kuligeuza kanisa la zamani kuwa ukumbi wao, na mwaka 1938 Paul Robeson, mwimbaji mashuhuri Mmarekani mweusi, aliigiza humo. Wakati huo kila tamthilia ya hadhara Uingereza ilihitaji kibali cha serikali. Unity, kwa kuwa ilikuwa klabu ya wanachama, iliweza kusema mengi ambayo majumba makubwa hayakuthubutu kuyasema.

Tamthilia ya Bart, *Oliver!*, ilifunguliwa London tarehe 30 Juni 1960, ikaonyeshwa mara 2,618 katika mfululizo huo wa kwanza. Hutangulia na watoto wenye njaa wakiimba juu ya vyakula wasivyovipata. Hapo wimbo umelitumikia shtaka la Dickens barabara, kwa maana hadhira huchekelea sauti huku ikiyaona mabakuli matupu. Lakini kadiri mchezo unavyoendelea, hasira hupungua. Wahusika kadhaa wa riwaya wameachwa, na Fagin, mlezi wa watoto wezi, ambaye katika riwaya hunyongwa, hapa huenda zake huru.

Badiliko hilo la Fagin lina sababu yake. Katika riwaya Dickens alimwita "Myahudi" mara nyingi mno, kana kwamba uovu ulitokana na kabila lake. Mwaka 1863 Bibi Eliza Davis, Myahudi, alimwandikia kumlalamikia, na katika toleo la mwaka 1867 Dickens akaliondoa neno hilo mahali pengi. Bart alimfanya Fagin kuwa mtu wa kuchekesha na kuhurumiwa. Wanafunzi waliosoma *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, watalitambua swali hilo hilo.

Liko na jambo la haki ya msanii. Kikundi cha ridhaa kinachotaka kuuonyesha mchezo huu hapana budi kilipe ada kwa mwenye haki zake. Lakini Bart aliziuza haki hizo ili agharimie mchezo mwingine, *Twang!!*, ulioanguka mwaka 1965. Mwaka 1972 akafilisika. Nyimbo zake ziliendelea kuimbwa, naye hakuwa na fungu katika mali hiyo, mpaka alipopewa sehemu ya mapato ya maonyesho mapya ya mwaka 1994. Alifariki mwaka 1999. Aliyewaimbia watu juu ya uji alikuwa amelikabidhi sufuria kwa wengine.

Kwa mwalimu, funzo ni hili. Wimbo huikusanya hadhira, na waigizaji wa ridhaa huirudisha hadithi kwa watu wenyewe. Lakini utamu wa sauti waweza kuufunika uchungu wa maana. Sisi tunao msingi: baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera za Mathias Mnyampala zilipanda majukwaa ya shule zetu. Tunayo pia *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ambamo Karama hujitetea barazani kwa siku sita. Darasa linalotaka kuitia nyimbo na liisome kwanza yote, kisha lijiulize kwa kila ubeti: je, shtaka la Karama bado lasikika?