Kichocheo (katika usafishaji wa mafuta)

Kichocheo (wingi: vichocheo), nomino ya ngeli ya KI-VI, kutokana na kitenzi chochea. Katika kemia, ni dutu inayoharakisha mmenyuko pasipo yenyewe kumalizika humo. Wafasiri wengi huandika kwamba kichocheo «hakitumiki», kauli inayopotosha, kwa kuwa msomaji huelewa kwamba hakihitajiki kabisa. Heri kusema hakiishi au hakiliwi na mmenyuko.

Istilahi kusafisha mafuta nayo huficha mengi, kana kwamba kazi yote ni kuondoa taka. Ukenekaji hutenganisha tu kilichomo katika mafuta ghafi. Petroli ya ziada hupatikana kwa kuzipasua molekuli ndefu za mafuta mazito. Zamani upasuaji huo ulitegemea joto na mgandamizo pekee. Mwaka 1937, mtambo mkubwa wa kwanza wa mhandisi Mfaransa Eugene Houdry, uliotumia kichocheo cha udongo, ulianza kazi Marcus Hook, Pennsylvania. Mwaka 1942 huko Baton Rouge, Louisiana, kichocheo kilisagwa kuwa unga unaotiririka na mvuke kama kimiminika. Tangu miaka ya 1960 unga huo hutengenezwa kwa zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno.

Mmenyuko huo, kwenye nyuzi 500 hivi za Selsiasi, huifunika chembe ya kichocheo kwa kaboni katika muda wa sekunde chache. Chembe hupelekwa kwenye chombo cha pili, kaboni ikaunguzwa kwa hewa, nayo ikarudi kazini ikiwa na joto linaloendesha upasuaji unaofuata. Basi kichocheo hakiliwi, lakini huchoka, na huweza hata kutiwa sumu: platini, inayopandisha oktani ya petroli, huharibiwa na salfa. Ndiyo sababu salfa hutangulia kuondolewa kwa haidrojeni, kwa msaada wa kobalti na molibdeni.

Tanbihi ya matumizi: mchochezi ni mtu, tena kwa kawaida mwenye nia mbaya, lisitumiwe kwa dutu. Kimeng'enya ni kichocheo cha viumbe hai pekee, hivyo «kimeng'enya cha platini» ni kosa. Katika biolojia, kichocheo huweza pia kumaanisha homoni. Palipo na shaka, mfasiri aandike kichocheo cha kemikali.