London–Johannesburg: Kutoka siku 45 hadi saa 11

Kutoka London hadi Johannesburg ni kilomita 9,000 na ushei. Abiria wa leo hupanda ndege jioni, akala, akasinzia, na baada ya saa 11 hivi yuko Afrika Kusini.

Februari 1920 marubani Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliruka kutoka karibu na London kwenda Cape Town. Ndege ya kwanza iliwaharibikia Misri, ya pili Bulawayo, wakamalizia kwa ya tatu. Walitumia siku 45.

Abiria walianza kuhudumiwa miaka ya 1930. Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki iliyoishia Mwanza, na mwaka uliofuata likasogea hadi Cape Town. Kutoka Khartoum watu walipanda ndege ya majini hadi Kisumu, kisha ya magurudumu iliyotua Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya ikishuka kusini. Ndiyo, Dodoma! Mafuta hayakutosha kwenda mbali na usiku watu walilala hotelini. Kufika Johannesburg kulichukua kama siku kumi.

Kisha ikaja Comet. Mei 2, 1952 ndege hiyo ya BOAC, shirika la Uingereza, iliondoka London na abiria 36, safari ya kwanza duniani ya jeti kubeba abiria wa kulipa. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na bado ikafika Johannesburg chini ya saa 24.

Furaha haikudumu. Januari 10, 1954 ndege hiyo hiyo ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba, ikaua watu wote 35. Aprili Comet nyingine, iliyokuwa ikielekea Johannesburg, ikaanguka karibu na Naples. Wataalamu wa Farnborough, Uingereza, waliuzamisha mwili wa Comet kwenye tangi la maji, wakaujaza shinikizo na kulipunguza tena na tena, mpaka bati likachanika kwenye kona ya dirisha. Metali ilikuwa imechoka.

Kipande kinachosahaulika, kwa maoni yangu, ni cha siasa. Mei 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulizaliwa Addis Ababa na kuzitaka nchi wanachama ziwanyime makaburu wa Afrika Kusini anga na bandari. Ndege za shirika la Afrika Kusini, SAA, zikalazimika kuambaa baharini kuzunguka Afrika Magharibi, zikitua Luanda au kisiwa cha Sal kujaza mafuta, huku za Waingereza zikikatiza bara kupitia Nairobi. Mwaka 1976 SAA ilianza kupokea Boeing 747SP, ndege fupi yenye uwezo wa kwenda mbali bila kutua. Hata hiyo ilizunguka.

Marufuku ilianza kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipokuwa ukivunjwa, na SAA ikarudi kukatiza juu ya bara.