Utafutaji wa maneno ya Kiingereza kwa herufi

Utafutaji wa maneno kwa herufi ni zoezi la lugha ambamo mtu hupewa herufi kadhaa, mara nyingi pamoja na urefu wa neno, kisha hutafuta maneno yanayotimiza masharti hayo. Zoezi hili hutumika darasani, katika chemshabongo za magazeti na katika michezo kama Scrabble na Wordle. Huko Nakivale na Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, lina uzito wa pekee: Kiingereza ndicho lugha ya shule, lakini ni watu wachache mno wanaokizungumza nyumbani.

Mazingira

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako wilayani Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na ni miongoni mwa makazi ya zamani zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Wakazi wake wametoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Shule zake za msingi hufuata mtaala wa Uganda, na mtihani wa mwisho wa darasa la saba hufanywa kwa Kiingereza, sawa na katika jiji la Mbarara.

Zoezi la darasani

Namna iliyozoeleka ni kuunda maneno madogo kutoka neno kubwa. Mwalimu huandika teacher ubaoni, na wanafunzi hutoa each, heat na tree yenye herufi nne. Earth, heart, reach na three yenye herufi tano. Create na heater yenye herufi sita. Kanuni ni moja: herufi isitumike mara nyingi kuliko ilivyo katika neno la asili. Neno hili lina e mbili, kwa hiyo three inakubalika, lakini rarer haikubaliki kwa kuwa r ni moja tu. Ukizitumia herufi zote saba unapata pia cheater na hectare. Herufi hizo zinaweza kupangwa kwa namna 2,520, lakini ni mipangilio michache tu inayotoa neno.

Athari ya lugha ya kwanza

Maneno ya Kiswahili, Kinyankore, Kinyarwanda na Kirundi kwa kawaida huishia kwa irabu. Aliyekulia katika lugha hizo huweza kuzipita earth na heart bila kuziona, kwa sababu huishia kwa konsonanti zilizofuatana. Kisomali, kilichoanza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, kina maneno mengi yanayoishia kwa konsonanti, kama buug (kitabu) na qalin (kalamu), kwa hiyo kuishia kwa konsonanti si jambo geni kwa Msomali. Mtego wake uko kwenye q: katika Kisomali huweza kusimama bila u, ilhali katika Kiingereza karibu daima hufuatwa na u. Aliyesomea Kiamhari huanza mbali zaidi, maana katika mwandiko wake alama moja hubeba konsonanti na irabu kwa pamoja.

Mkongo au Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa ana akiba ya maneno yanayoandikwa sawa katika lugha zote mbili, kama table, fruit, train na nation. Asichozoea ni wingi wa k na w. Hata Scrabble inaonyesha tofauti hiyo: katika seti ya Kifaransa kila moja ya herufi hizo ina alama 10, lakini katika ya Kiingereza k ina 5 na w ina 4.

Michezo

Scrabble ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1930 na Alfred Butts, msanifu majengo, aliyehesabu herufi katika kurasa za magazeti ili kujua zinavyojirudia. Seti ya Kiingereza ina vipande 100, kati yake e ni 12, na j, k, q, x na z ni kimoja kimoja. Mchezaji anayemaliza vipande vyake saba kwa mkupuo huongezewa alama 50. Mwaka 2015, huko Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia. Wordle, iliyotolewa kwa umma mwaka 2021 na Josh Wardle, humpa mchezaji nafasi sita za kubahatisha neno la herufi tano.

Mbinu

Mtafutaji mzoefu huanza na herufi adimu, kwa kuwa hupunguza chaguo haraka. Kisha hutenga viishio kama -er, -ed na -ing, na jozi kama th, ch na sh. Ikikosekana a, e, i, o na u, hutazama y, kama katika myth na rhythm.

Kompyuta hufanya kazi hiyo kwa kupanga herufi za kila neno kialfabeti. Teacher, cheater na hectare zote huwa aceehrt, hivyo huhifadhiwa mahali pamoja na kupatikana mara moja. Nafasi isiyojulikana huwekewa nukta: .r..t huleta great, front na fruit.

Orodha inayotolewa na kompyuta haielezi maana wala matumizi ya maneno, na katika mtihani wa darasa la saba mwanafunzi hutakiwa pia kuyatumia maneno hayo katika sentensi.